Boma Lililohama Usangu

Mmekuja nyumbani kwangu hapa Kalenga mara tatu, na mara zote tatu mmenikuta nimelala. Msidhani nawakwepa. Mgongo wangu ulikaa miaka mingi kwenye kiti cha kushoto cha magari ya mashindano, na sasa hauniruhusu kukaa wima zaidi ya saa moja. Kwa hiyo naandika kidogo, nalala, naandika tena. Mkiona mahali nimeruka, jueni hapo nilikuwa nimelala.

Kwanza niwasahihishe jambo moja. Mimi sikuwa dereva. Huko mjini mmewaambia watu kwamba mzee Kikoti aliendesha magari ya mashindano miaka ya sabini, na juzi mama mmoja sokoni akanipa mkono kwa heshima kubwa. Nilikuwa navigeta. Ni yule anayekaa kushoto na daftari mapajani, anamsomea dereva njia iliyo mbele yao kabla dereva hajaiona. Kama wiki mbili kabla ya mashindano mnaipita njia yote polepole, mnaandika kila kona, kila daraja, kila shimo. Siku yenyewe dereva anakimbia kwa kusikia. Anaona, ndiyo, lakini akingoja kuona atachelewa. Anaendesha sauti yako.

Ninyi mnaofufua magari ya zamani mmeniuliza mambo ya kazi, basi chukueni haya. Daftari liandikwe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Wino ukipata jasho unatoka, na jasho ndani ya gari lile lilikuwa halina mwisho. Tafuneni tangawizi mbichi, maana kusoma ndani ya gari linaloruka kunageuza tumbo. Msile maharage usiku wa kuamkia mashindano, na sababu mtaijua wenyewe mkifungiwa na dereva wenu kwa muda wa saa kumi na mbili. Tangi la mafuta likitobolewa na jiwe, chukueni sabuni ya mche, ilainisheni kwa viganja, mkandamize kwenye tundu. Petroli haiyeyushi sabuni, na itawafikisha mnakokwenda. Kabla ya kuvuka maji mengi, legezeni mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye injini. Na mkishavuka, urudisheni. Mimi niliwahi kusahau kuurudisha, tukafika Makambako rejeta inapiga mluzi, na dereva wangu akanitia spana mkononi.

Dereva wangu huyo ni Bwana Salum. Alikuwa na duka la spea Iringa mjini, karibu na soko. Babu yake alitoka Pangani akifuata biashara, akaoa huku juu, asirudi tena. Bwana Salum mwenyewe alizaliwa Iringa na alikuwa akisalimia "Kamwene" vizuri kuliko Wahehe wengine ninaowafahamu. Gari lake lilikuwa Pijo 404 rangi ya maziwa. Tayari wakati ule wenzake walikuwa na magari mapya, na vijana wa Mbeya walikuwa wakilicheka wakilipita. Yeye hakujali. Alikuwa akifungua boneti, anaweka kiganja juu ya injini kama anayempima mtoto homa, halafu anaifunga.

Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa fundi wa kawaida katika gereji ya jirani yake, nina miaka ishirini na mitano, na alinichukua kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti bila kukwama. Mashindano yetu ya kwanza nilimpoteza. Kurasa mbili zilishikana kwa matope, nikaruka ukurasa mzima bila kujua, na badala ya kupita pembeni ya Mbalizi tukaingia sokoni katikati ya viazi. Mama mmoja wa Kinyakyusa alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Ninyi mnakimbizwa na nani?" akauliza.

"Na saa, mama," Bwana Salum akajibu.

"Basi hiyo saa ije hapa iniokotee viazi vyangu."

Tuliokota viazi. Dakika kumi na nne nzima, dereva wa mashindano na navigeta wake, magoti chini. Tulipoondoka mama akatutupia "Ndaga!", asante ya kwao, kwa nyuma huku akicheka, na Bwana Salum hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Kesho kila ukurasa utaukunja pembe." Tangu siku ile mpaka naacha kazi nilikunja pembe ya kila ukurasa.

Lugha yetu ya daftari aliitunga yeye. Wengine walikuwa wanaandika kona kwa namba, lakini Bwana Salum alisema namba zinachelewa kuingia kichwani. Kwa hiyo kona iliyolala kidogo tuliiita bega. Iliyokunjika kuliko hiyo ni goti. Iliyokunjika kabisa ni kiwiko. Na zile za mlima Kitonga, ambapo ukigeuka nusura uone mkia wa gari lako mwenyewe, hizo tuliziita visigino. Nilikuwa nasoma: "Mia mbili, goti kulia. Mia, kiwiko kushoto, daraja." Na sauti isipande. Hili mlishike kuliko yote. Hata kama unaona lori limelala katikati ya barabara, sauti yako iwe ileile ya kusoma gazeti. Dereva akisikia hofu kwenye sauti yako, mguu wake unaanza kufikiri.

Sasa niseme kilichokuwa kinamsumbua Bwana Salum. Alikuwa ameanza mashindano mara nane, na mara zote nane hakufika mwisho. Mara moja ekseli ilikatika. Mara mbili mto ulimshinda. Mwaka mmoja mafuta yalikuwa haba nchi nzima, tukakaukiwa kabla ya Mafinga, tukalala juu ya boneti tukiangalia wenzetu wakipita. Mara moja tulifika Iringa, mashindano yanakoishia, na gari zima, zima kabisa, tukakuta meza ya mwisho imeshafungwa na karani anakunja viti. Siku hiyo nilimwona akiligusa lile bango la mwisho kwa mkono, kisha akarudi garini. Hakutaka kushinda. Alitaka kufika. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Mwaka ninaotaka kuwaambia, tulikuwa tunapita njia polepole kuandika daftari. Nilikuwa na kawaida ya kumpa chupa ya maji bila kusema, na yeye anaipokea bila kugeuka, macho barabarani. Siku ile nilinyoosha chupa na mkono wake ukapapasa hewani. Ukapita juu, ukapita chini. Nikamwekea chupa kiganjani. Baada ya maili kadhaa nikamwuliza.

"Jicho?"

Alipunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni.

"La kushoto," akasema. "Kama mtu amepaka maziwa kwenye kioo."

"Tangu lini, Bwana Salum?"

"Tangu Ramadhani."

"Basi tuache mwaka huu. Twende hospitali kwanza."

"Tuache nini, Kikoti? Huyu ni mtoto wa jicho; hospitali watasema tusubiri aive ndiyo wamkate. Nikisubiri, na la kulia litaanza. Baba yangu yalianza hivihivi, moja halafu la pili. Nataka nifike mara moja tu. Hata niwe wa mwisho, hata watu wawe wameshakwenda kula. Nifike." Halafu akanigeukia mzima mzima, kwa sababu kwa jicho hilo hakuweza kuniona bila kugeuka. "Na upande usioona ndiko unakokaa wewe. Wewe utakuwa jicho langu la kushoto."

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Nilimpenda, hilo la kwanza. La pili ni kwamba nilijivuna kuambiwa vile. Tukapatana neno moja. Kila nikimaliza kusoma mstari, nitainua uso, nitaangalia kushoto, na kama hakuna kitu nitasema "safi". Asiposikia "safi", ataondoa mguu. "Goti kulia, safi. Mia tatu, safi." Tulifanya mazoezi siku nzima kati ya Mafinga na Makambako, na ilikwenda vizuri mno. Ndiyo ubaya wake.

Kupimwa macho kulikuwa Mbeya, siku moja kabla. Daktari wa mashindano alikuwa na watu wengi na karatasi nyingi. Akamwambia Bwana Salum afunike jicho moja asome herufi. Bwana Salum akafunika la kushoto kwa mkono wa kushoto, akasoma zote. "Sasa la pili," daktari akasema huku anaandika. Bwana Salum akafunika tena la kushoto, safari hii kwa mkono wa kulia, akasoma zote tena. Daktari akagonga muhuri. Tulipotoka nje nilicheka mpaka nikashika ukuta. Leo nikikumbuka kicheko kile nachoka.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye njia ya Usangu, maana pale ndipo kosa langu lilipo. Sehemu ile ya mashindano ilikuwa inaiacha lami Chimala, inaingia tambarare, inatokea Igawa. Mkiijua Usangu mnajua shida yake: hakuna mlima wa karibu, hakuna jiwe, majani na anga tu, kila mahali pamefanana. Tulipoipita kuandika daftari ilikuwa kavu. Katikati ya tambarare barabara ilikuwa inakata ghafla kushoto kabla ya korongo, na hapakuwa na alama yoyote ya kuandika, isipokuwa boma la miiba la wafugaji. Tukasimama pale kuomba maji ya rejeta. Mwenye boma alikuwa mtu mzima wa Kisukuma, jina lake Masunga, amehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wake na wake zake wawili. Alitupa maji, kisha akatupa maziwa kwenye kibuyu.

"Mmeweka boma zuri, mzee," nikamwambia.

"Hili? Hili la muda tu, ng'wana wane. Mvua ikianza sisi tunahamaga. Tope la hapa linakulaga kwato za ng'ombe."

Aliniita mwanawe kwa Kisukuma, nami nikaitikia kwa kichwa. Nikanywa maziwa, nikashukuru, nikarudi garini, nikaandika kwa penseli: "Boma la ng'ombe, kiwiko kushoto, korongo."

Niliandika hivyo baada ya kuambiwa na mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba boma litahama. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kihehe. Kwetu ukisema "kwa fulani", ni pale kwa fulani, alizaliwa pale, atazikwa pale, na hata akifa pataitwa kwake. Maneno ya Masunga yaliingia sikioni, lakini hayakufika kwenye penseli. Sijawahi kukosa kona kwa uzembe mkubwa kuliko huo, na wala sikuuona ni uzembe wakati nafanya.

Siku nne kabla ya mashindano mvua ikaanza.

Tuliondoka Mbeya asubuhi, ukungu umekaa juu ya Uyole, watu wamejipanga kandokando na makoti yao. Mpaka Chimala tulikuwa nyuma kabisa. Lakini tulipoingia Usangu mambo yakabadilika. Udongo ule mweusi ulikuwa umelowa, na yale magari mapya yenye nguvu yalikuwa yanajichimbia yenyewe. Bwana Salum aliendesha kwa gia ya tatu, mguu mwepesi, hapindishi usukani zaidi ya anavyohitaji, na Pijo ikawa inateleza juu juu. Tukalipita gari la kwanza limezama mpaka milango. Tukalipita la pili. La tatu, dereva wake alikuwa amekaa juu ya paa anakula mkate, akatupungia.

"Kikoti," Bwana Salum akasema, "nanusa Iringa."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akitaja kufika tukiwa ndani ya mashindano.

Katika maji ya mwisho waya wa mita ya maili ulikatika. Kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua tumetembea umbali gani, nikabaki na alama tu. Alama iliyokuwa inafuata ilikuwa boma.

Nikatafuta boma. Nikaangalia kulia, nikaangalia mbele. Nikarudi kwenye daftari, nikafikiri labda nimeruka ukurasa kama Mbalizi. Pembe zilikuwa zimekunjwa zote. Nikaangalia tena mbele.

"Boma?" Bwana Salum akauliza.

"Bado."

"Kushoto?"

Na mimi, uso ukiwa daftarini, kidole kwenye mstari, nikasema, "Safi."

Sikuinua uso. Neno lilikuwa limetoka mara elfu asubuhi ile, likatoka na hiyo mara moja bila mwenyewe kujua. Kisha nikasikia kishindo upande wangu, mbele, kwenye madigadi ya kushoto. Gari likayumba, Bwana Salum akalirudisha. Nikaona ng'ombe wanatawanyika. Nikageuka nyuma, na nikaona mtu amelala kwenye majani, amejifunika shuka, au shuka imemfunika.

"Nimegonga nini?" Bwana Salum akauliza. Mguu alikuwa ameshauondoa. Gari lilikuwa linapungua mwendo lenyewe.

Vijana, nimeandika hapa nikafuta, nikaandika tena. Nilisema, "Ng'ombe."

Nilisema kwa sauti ileile ya kusoma gazeti. Sauti yangu haikupanda. Sababu ni Iringa, na yale magari matatu tuliyoyapita, na hofu, na lile "safi" ambalo mimi na yeye tu ndio tuliolisikia. Bwana Salum akavuta pumzi, akaweka gia, tukaendelea. Kiwiko tukakiona wenyewe, korongo tukalivuka. Nikasoma mstari. Nikasoma wa pili. Nikawa nasema "safi" na sasa naangalia kweli.

Kama maili moja na nusu mbele, Bwana Salum akasema, "Ng'ombe wa watu yule. Tukifika Igawa tumwachie mtu habari, tumtafute mwenyewe tumlipe. Ulimwona mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipovunjika. Yeye alikuwa anamfikiria mwenye ng'ombe.

"Bwana Salum, simama," nikasema. "Mwenyewe ndiye tuliyemgonga."

Hakunitukana. Aligeuza gari kwenye tope lile kwa namna ambayo mpaka leo sielewi halikuzama, akarudi. Aliyelala pale alikuwa Masunga. Boma lake alikuwa amelihamishia sehemu ya juu, na asubuhi ile alikuwa anamrudisha mtamba aliyekimbilia barabarani. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti. Alikuwa macho. Akatutazama.

"Ni nyie wa maziwa," akasema. Halafu akasema, "Mliondoka."

Tulimlaza kiti cha nyuma, nikakaa naye nimemshika mguu usitikisike, na Bwana Salum akaendesha peke yake bila daftari, bila jicho la kushoto, polepole, mpaka hospitali ya misheni. Magari tuliyoyapita yalitupita yote. Nilimwona dereva wa mkate akipunga tena, hajui.

Hospitalini walikuja askari na afisa mmoja wa mashindano. Masunga alikuwa kwenye machela palepale, anasikia. Afisa akauliza ilikuwaje. Nilifungua mdomo, na naapa nilikuwa naenda kusema, lakini Bwana Salum alinitangulia.

"Jicho langu la kushoto halioni," akasema. "Nilimdanganya daktari. Nilimgonga, nikataka niende zangu. Huyu kijana ndiye aliyenilazimisha nirudi."

Nikamtazama. Akanitazama kwa lile jicho moja, akatikisa kichwa kidogo. Nami nikafunga mdomo. Aliwapa leseni yake kwa mkono wake mwenyewe, na hakuendesha tena gari lolote.

Tuliporudi Iringa tumebebwa kwenye lori, nilimwuliza kwa nini.

"Mimi yangu yamekwisha leo, hata ningesema kweli," akasema. "Wewe una mke, una mtoto anayekuja, na hakuna dereva atakayempandisha navigeta aliyesema 'safi' bila kuangalia. Tulia." Kisha akaongeza, "Nami ndiye niliyekutia kwenye jambo la jicho. Nilikutwisha mzigo wangu."

Habari ilienea. Navigeta aliyemlazimisha dereva wake arudi! Madereva wakubwa wakanitafuta. Nilikaa na wengine wa Dar es Salaam, wengine wa Arusha, nikafika mwisho mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu, na kila nilipogusa bango la mwisho nilimfikiria aliyetaka kuligusa mara moja tu. Mambo ya kazi yakabadilika. Zikaja kofia zenye spika, hakuna tena kupiga kelele. Njia zikawa zinaandikwa na wenye mashindano wenyewe, unapewa karatasi imepigwa chapa. Mimi nikaendelea na mabega na viwiko vyangu. Na katika ile karatasi mliyoileta juzi ya kunitambulisha siku ya maonyesho, mmeandika kwamba mzee Kikoti alithamini uhai wa mtu kuliko ushindi. Nimeisoma nikiwa nimelala. Kwa sababu hiyo ndiyo nimeamka.

Kiangazi kilichofuata Masunga alikuja hapa Kalenga. Alishuka kwenye lori Iringa mjini, akaulizia mpaka akafika, anatembelea fimbo, na nyuma yake anamvuta mtamba.

"Wewe ndiye uliyesema simama," akaniambia. "Yule mzee wa mjini angeniacha nife kama mbwa. Kwetu mtu aliyekurudishia uhai hatumwendeagi mikono mitupu. Wabeja, ng'wana wane. Wabeja sana, asante."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatabasamu. Masunga alikuwa amesafiri na mguu ule siku mbili. Nilikuwa na nafasi nyingine ya kufungua mdomo, tena bila askari, bila afisa, sisi wenyewe tu na mnyama. Nilipokea kamba. Nilimwambia asante, nikamwandalia ugali, akalala kwangu, asubuhi akaondoka. Alifariki baada ya miaka michache, na mimi sikuwa nimekwenda Usangu hata mara moja.

Mtamba alizaa vizuri. Watoto wangu wote wamekunywa maziwa ya ng'ombe yule na ya binti zake.

Wakati huo, Masunga akiwa bado hai, Bwana Salum alikuwa amepofuka macho yote mawili. La kulia lilifuata kama alivyosema, na walipomkata walikuwa wamechelewa. Duka aliliendesha mwanawe, na yeye alikaa barazani. Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa naendesha baiskeli kutoka Kalenga na chupa ya maziwa, nampelekea. Hakuwa akiuliza yametoka wapi. Ijumaa moja akauliza.

"Maziwa haya mazito, Kikoti. Ng'ombe wa wapi?"

"Wa Usangu."

Akashusha kikombe.

"Wa Masunga?"

"Ndiyo."

"Alikuletea mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa hiyo anatembea."

"Anatembea, Bwana Salum. Kwa fimbo, lakini anatembea."

Uso wake ulikuwa umeelekea barabarani, ambako magari yalikuwa yanapita na yeye anayataja moja moja kwa mlio, kama alivyozoea. Safari hii hakulitaja hata moja.

"Na mimi," akasema, "ananisemaje?"

Nilimtazama. Sauti yangu haikupanda.

"Anakusalimu," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Salum, akanyoosha kikombe nimwongeze.